Kwa nini tepu iliyonyooka hupinda kwenye kiwiliwili cha ndege: kuziba maumbo ya mviringo kwenye modeli

Mkanda wa rangi ya Sky, kijani hafifu chenye ukijivu, ulio mbele ya mkia wa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, una upana wa inchi 18. Kwenye modeli ya skeli ya 1/48 hizo ni milimita 9.5, na kwa macho ni kazi ndogo ya kuziba, yaani kufunika kwa tepu pasipotakiwa rangi: tepu moja mbele, tepu moja nyuma, unapuliza rangi, unabandua. Lakini anayeanzia tepu mgongoni na kuiteremsha ubavu wa kulia na wa kushoto hugundua jambo akifika tumboni. Ncha mbili za tepu haziungani kwa mstari mmoja. Zinakutana kwa pembe, kama shingo ya fulana ya V, na pembe hiyo imesogea mbele karibu milimita 4 kutoka mahali ilipotakiwa kuwa. Akiibandua na kuanza upya kwa utulivu zaidi, pembe inarudi palepale.

Mkono haujakosea. Tepu imefanya kile ambacho tepu iliyonyooka lazima ifanye juu ya umbo linalochongoka. Hapa tunaeleza sababu yake na jinsi ya kuishinda, na tunatumia Spitfire Mk IX kwa kuwa ndege hiyo moja ina karibu kila aina ya mpindo ambao mtengeneza modeli atakutana nao.

Koni ya karanga

Chukua koni ya karatasi ya muuza karanga. Kabla ya kuikunjua, izungushie mstari wa kalamu, umbali uleule kutoka kwenye ncha pande zote. Kisha ikunjue uilaze mezani. Mstari uliokuwa pete sasa ni upinde. Fanya na kinyume chake: chora mstari kwa rula kwenye karatasi hiyo, kisha uikunje tena. Mstari ulionyooka mezani sasa unakimbilia upande mpana wa koni, na kadiri unavyozunguka ndivyo unavyozidi kukimbia.

Tepu ni ule mstari wa rula. Imekatwa ikiwa imenyooka, na ikilazwa bila kuvutwa hufuata njia iliyonyooka ya uso ulio chini yake. Kiwiliwili cha nyuma cha ndege ya kivita ni koni ndefu, kwa hiyo tepu hukimbilia upande mnene, yaani mbele.

Tuweke namba. Tuseme kiwiliwili kinapungua kipenyo kwa milimita 14 katika kila milimita 100 za urefu, na mahali pa mkanda kipenyo ni milimita 21. Ncha ya koni hiyo, kama ingeendelea hadi mwisho, ingekuwa milimita 150 nyuma ya mkanda. Tepu ikianzia mgongoni na kuzunguka nusu ya mwili hadi tumboni, hutoka nje ya mstari kwa milimita 3.7. Ikizungushwa mwili mzima kutoka mwanzo mmoja, mwisho wake utaupita mwanzo kwa takriban milimita 16. Ndiyo maana kuanzia upande mmoja na kuzungusha hadi mwisho ni njia mbaya kuliko zote.

Wapo wanaozungusha uzi au ukanda wa karatasi ili wapate mstari wa kuongozea tepu. Uzi uliokazwa na karatasi iliyonyooka hufuata njia ileile ya tepu, kwa hiyo hurudia kosa lilelile, na kwa kuwa vyote vinakubaliana, mtu huamini kwamba mstari ni sahihi.

Mipindo mitatu inayochanganywa

Ushauri mwingi kuhusu kuziba maumbo ya mviringo haumsaidii msomaji kwa sababu unachanganya mambo matatu yaliyo tofauti.

La kwanza ni mstari uliopinda juu ya uso ulio bapa au karibu bapa. Mpaka wa kamafleji, yaani rangi za mabaka za kuificha ndege, juu ya bawa ni wa namna hii. Uso hauna tatizo lolote, tatizo ni kuifanya tepu ipinde ikiwa imelala.

La pili ni uso unaopinda kwa upande mmoja tu: bomba na koni. Karatasi inaweza kuulalia uso wa aina hii bila kasoro hata moja. Kwenye bomba, tepu iliyonyooka hujifunga yenyewe vizuri. Anayetengeneza Boeing 787 ya Air Tanzania au ya Kenya Airways katika skeli ya 1/144 hatapata shida katikati ya kiwiliwili, ambako upana ni uleule wa milimita 40 mwendo mrefu. Shida itamwanza pale mkia unapoanza kuchongoka.

La tatu ni uso unaopinda pande mbili kwa pamoja: tufe, yai, kofia ya pangaboi (ile iliyochongoka katikati ya propela), ukingo wa mbele wa injini ya ndege ya abiria. Ganda la chungwa halilali bapa mezani hata ulimenye kwa ustadi gani, na kwa sababu hiyohiyo hakuna tepu pana, ya bei yoyote, itakayolala juu ya tufe bila mikunjo. Kila mkunjo ni handaki la rangi kupita.

Vioo vya rubani wa Spitfire vina aina zote tatu za uso kwa pamoja. Kioo kinene cha mbele ni bapa kabisa. Vioo viwili vya pembeni yake vimepinda upande mmoja. Paa linaloteleza nyuma yake limevimba pande zote kama nusu ya yai. Mtu anayeziba sehemu hizo tatu kwa njia moja atafaulu kwenye moja na kukosea kwenye nyingine.

Upana wa tepu ndio unaoamua

Tepu inapopindwa ikiwa imelala, ukingo wake wa nje hulazimika kurefuka na ule wa ndani hulazimika kusinyaa. Kiasi chake ni rahisi kukipata: nusu ya upana wa tepu, gawanya kwa nusu kipenyo cha mpindo. Kwa mpindo wenye nusu kipenyo cha milimita 20, tepu ya milimita 6 inatakiwa kurefuka asilimia 15 upande wa nje. Ya milimita 3 ni asilimia 7.5. Ya milimita 2 ni 5, ya milimita 1 ni 2.5, na ile ya milimita 0.4 ni asilimia 1 tu. Karatasi hurefuka kidogo sana kabla ya kuinuka ukingo wa ndani kama marinda ya sketi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta tepu inayonata zaidi, tafuta tepu nyembamba zaidi. Kunata hakuna msaada kwa karatasi isiyo na pa kwenda.

Rudi kwenye mkanda wetu wa Sky. Upinde wake una nusu kipenyo cha milimita 150, ile ya hadi kwenye ncha ya koni. Tepu ya milimita 10 inadaiwa asilimia 3.3 kila upande, na haitakubali kwa hiari. Ya milimita 1 inadaiwa theluthi moja ya asilimia, na italala kwa kidole. Kanuni inayotokana na hesabu hii ndiyo msingi wa kazi yote: tepu nyembamba huchora mpaka, na kitu chochote kingine hufunika sehemu iliyobaki. Kazi hizo mbili zisifanywe na kipande kimoja cha tepu.

Vifaa

Tepu ya manjano ya Tamiya, iliyotengenezwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, hupatikana kwa upana wa milimita 6, 10 na 18, na kuna matoleo membamba ya 1, 2 na 3. Aizu wanauza hadi milimita 0.4. Hizi ndizo za mpaka. Tamiya wana pia tepu nyeupe ya vinaili kwa ajili ya mipindo, kuanzia milimita 2. Inapinda sana, lakini ina tabia ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: ikivutwa hukumbuka urefu wake wa zamani na kurudi polepole. Unaiziba saa nne asubuhi, inaonekana safi. Saa tano imejiondoa kwenye kona ya ndani. Ilaze imelegea, uisukume ipinde kwa ukucha, usiivute hata kidogo, na upulize rangi mara moja.

Tepu ya karatasi inayouzwa kwenye maduka ya rangi za nyumba ni nene na ina mikunjo midogo kwenye uso wake. Kila kijikunjo kinachofika ukingoni ni mlango wa rangi, na gundi yake huwa kali kuliko modeli inavyoweza kuvumilia. Inafaa kufunika sehemu za mbali na mpaka. Maduka ya rangi za magari yana kitu bora: tepu laini ya plastiki ambayo mafundi wa gereji huitumia kuchora mistari, kwa mfano ya 3M ya milimita 3. Hiyo inapinda vizuri na ukingo wake ni safi.

Tepu yoyote iliyokaa dukani au mfukoni hukusanya vumbi ukingoni. Ilaze kwenye kipande cha kioo, weka rula ya chuma, na ukate ukingo mpya kwa wembe mpya. Kwenye kioo hichohicho unaweza kukata vipande vya milimita 1 au chini ya hapo kutoka kwenye tepu ya milimita 10, na kwa kuibandua kwenye kioo mara mbili tatu unapunguza ukali wa gundi. Usipunguze kwa kuibandika kwenye ngozi ya mkono kama wengi wanavyofanya. Mafuta ya ngozi huhamia kwenye tepu, kisha kwenye modeli, na rangi inayofuata haitashika hapo.

Mkanda wa Sky, hatua kwa hatua

Rangi nyepesi hutangulia. Puliza praima, kisha Sky, ukipita mipaka ya mkanda kwa milimita 4 au 5 kila upande. Baadaye utaufunika mkanda wenyewe na kupulizia kijivu na kijani juu ya ndege yote. Hii ni rahisi kuliko kufunika ndege nzima na kuacha mkanda wazi, na Sky haitalazimika kufunika rangi nzito zilizo chini yake. Iache ikauke kweli: laka saa mbili, akriliki ya maji siku nzima, enameli siku mbili au tatu. Rangi iliyokauka juu na kubaki laini chini hubanduka na tepu, au hubaki na alama zake.

Sasa alama. Tumia bikari, si rula, na pima kutoka kwenye mstari wa paneli unaozunguka mwili, kwa kuwa mistari hiyo tayari imesimama sawasawa na mhimili wa ndege. Weka nukta ndogo za penseli laini mgongoni, tumboni, ubavu mmoja na wa pili, halafu katikati ya hizo nne. Nukta nane zinatosha.

Chukua tepu ya milimita 1 na uilaze ndani ya mkanda, ukingo wake wa nje ukigusa nukta. Anzia mgongoni, bonyeza milimita 5 kwa wakati mmoja, iongoze kwa ncha ya kijiti cha meno, na usiivute mbele unapoendelea. Ni bora vipande vinne vya robo mwili vinavyopandana kwa milimita 2 kuliko kipande kimoja kirefu, kwa sababu kosa la kipande kimoja haliambukizi kingine. Rudia kwa mpaka wa pili. Kisha shika modeli usawa wa jicho, uitazame ubavuni kabisa, halafu juu kabisa. Pete iliyo sawa huonekana kama mstari ulionyooka katika mitazamo yote miwili. Ikionekana kama tabasamu, kuna robo iliyokimbia. Ibandue hiyo peke yake.

Katikati ya tepu mbili nyembamba jaza vipande vyovyote vya tepu pana, hata vikiwa na mikunjo, ilimradi vipande hivyo visifike mpaka wa nje.

Ipo njia nyingine kwa anayependa kukata: kata upinde wenyewe. Pima mzingo wa mwili mahali pa mpaka wa mbele, kisha mzingo wa mahali palipo umbali fulani nyuma yake. Zidisha mzingo mkubwa kwa umbali huo, gawanya kwa tofauti ya mizingo miwili. Kwa mfano, mzingo ni milimita 66 mbele, na ukirudi nyuma kwa milimita 10 ni milimita 61.6. 66 mara 10 inakuwa 660, gawanya kwa 4.4, unapata 150. Weka bikari yenye wembe kwenye nusu kipenyo cha 150, kata tepu pana iliyobandikwa kwenye kioo, na upinde huo utazunguka mwili na kujikuta mwenyewe. Hesabu hii ni kamili kwa koni kamili. Kiwiliwili cha Spitfire kina umbo la yai kwa mkato, na mgongo wake hauteremki kwa kasi ya ubavu, kwa hiyo upinde mmoja utakaa vizuri ubavuni na kuhitaji kipande kidogo tofauti mgongoni. Kwenye mkia wa ndege ya abiria, ambao umekaribia koni halisi, njia hii inapendeza sana.

Mistari ya Normandy

Mistari myeusi na myeupe ambayo ndege za Washirika zilipakwa kwa ajili ya uvamizi wa Normandy wa Juni 1944 ni tatizo hilohilo mara tano: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kila mmoja inchi 18 kwenye ndege za injini moja na inchi 24 kwenye za injini mbili. Katika 1/48 hiyo ni milimita 9.5 na 12.7, katika 1/72 ni 6.35 na 8.5. Puliza eneo lote jeupe, funika mitatu myeupe, puliza nyeusi. Usitumie nyeusi tupu, changanya na kijivu kidogo ili mwanga uweze kuonyesha umbo.

Lakini kabla ya kuhangaikia ukali wa mipaka hiyo, tazama picha za ndege unayoitengeneza. Mistari mingi ilipakwa kwa brashi, kwa haraka, siku chache au saa chache kabla ya tarehe 6 Juni. Mipaka iliyumba na upana ulitofautiana. Modeli yenye mistari iliyonyooka kama ya kiwandani inaweza kuwa safi na bado ikasema uongo kuhusu ndege yake.

Kofia ya pangaboi na kingo za injini

Kwa pete kwenye umbo linalopinda pande mbili, acha kuzungusha tepu. Zungusha umbo. Bf 109 nyingi, ndege za kivita za Wajerumani, zilikuwa na kofia yenye theluthi nyeupe na theluthi mbili za kijani kilichokolea, na mgawanyo huo huanzia kwenye ncha na kuteremka ubavuni. Sisi tuchukue kofia ya aina rahisi zaidi, yenye ncha ya rangi moja na kitako cha rangi nyingine. Puliza rangi ya ncha kwanza. Ikishakauka, funika ncha kwa tepu ya karatasi iliyokatwa vipande vyembamba kama petali, vikipandana, au kwa Parafilm, utando mwembamba wa nta unaovutika, iliyovutwa hadi karibu mara mbili ya urefu wake. Ichomeke kofia kwenye kijiti kilichosimama wima mezani. Weka kisu juu ya rundo la vitabu au kadi hadi ncha ya wembe ifike kimo cha mpaka, kishikilie kisitikisike, na uzungushe kofia taratibu ikigusa wembe. Mzunguko wa kwanza uwe mwepesi kabisa, wa pili ukate. Lengo ni kukata tepu, si plastiki. Bandua kilicho chini ya mkato.

Kingo za chuma za injini za ndege ya abiria hufuata utaratibu uleule, ukiweka injini isimame juu ya mdomo wake. Sehemu ya ndani ya mdomo haifikiki kwa wembe wa namna hii. Hapo tumia vipande vya tepu ya milimita 1 vyenye urefu wa milimita 4 au 5, kimoja baada ya kingine.

Ncha za manjano za mapanga ya pangaboi la Spitfire zilikuwa na inchi 4, yaani milimita 2.1. Manjano kwanza, kipande cha tepu cha upana huo kikizungushwa kwenye ncha, kisha nyeusi. Hapa hakuna fumbo.

Tepu pana ikilazimika kupita kwenye mpindo, mwige fundi cherehani anayeshona shingo ya gauni: hupasua kitambaa kwa mikato midogo hadi karibu na mshono ili kilale. Kata tepu hivyohivyo upande ulio mbali na mpaka, kila milimita 3, na vipande vitapandana badala ya kukunjika.

Vioo

Kioo bapa cha mbele: bandika tepu ya karatasi juu yake yote, bonyeza kwa kijiti cha mbao hadi fremu ionekane, kata kwa wembe mpya ukifuata ukingo wa fremu. Vioo vya pembeni vinakubali njia hiyo pia.

Paa lililovimba halikubali. Laza vipande vya tepu vya milimita 1, au vyembamba zaidi, ndani ya mstari wa fremu. Kwenye kona ya mviringo tumia vipande vifupi vifupi. Kisha jaza katikati kwa kiowevu cha kuzibia, aina ya Maskol ya Humbrol au Mr. Masking Sol. Kiowevu ni cha kujaza. Kukitumia kuchora mpaka kwa brashi huleta ukingo wa mawimbi, kwa sababu hujivuta kinapokauka. Chovya brashi kwenye sabuni ya kuoshea vyombo kabla ya kukichota, la sivyo utomvu wa mpira utakaukia kwenye nywele zake na brashi itakufa. Maskol ina amonia, na amonia huyeyusha vanishi ya akriliki ya sakafuni ambayo wengi huchovyea vioo ili ving'ae. Kama kioo chako kimechovywa, funika kwa tepu peke yake.

Rangi ya kwanza kupulizwa juu ya fremu ni ile ya ndani ya chumba cha rubani. Itaonekana kupitia kioo kutoka ndani, na rangi ya nje itakaa juu yake.

Kwa nini rangi huvuja, na namna ya kuizuia

Kati ya ukingo wa tepu na uso wa modeli daima kuna nafasi ndogo, na rangi iliyo majimaji huvutwa humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kwenye mpindo nafasi hiyo ni kubwa zaidi. Kwenye mstari wa paneli ni mfereji kamili: tepu hupita juu kama daraja na rangi hupita chini.

Bonyeza ukingo wa tepu kwa ukucha au kijiti muda mfupi kabla ya kupuliza, na kila inapokutana na mstari wa paneli isukume iingie ndani. Kisha ziba ukingo kwa rangi ileile iliyo chini ya tepu. Kwa mkanda wetu, puliza tabaka jembamba la Sky juu ya kingo za tepu. Kitakachovuja ni Sky juu ya Sky, hakitaonekana, na kikikauka kitakuwa kimefunga njia. Vanishi angavu hufanya kazi hiyo pia, lakini huongeza unene. Hatua hii huchukua dakika tano, na tukilazimika kuchagua moja tu ya kumsisitizia anayeanza, ni hii.

Rangi yenyewe ipulizwe kwa shinikizo la psi 12 hadi 15, karibu bar 1. Tabaka mbili za kwanza ziwe ukungu mkavu. Elekeza brashi ya hewa wima juu ya ukingo au kutoka kwenye tepu kwenda sehemu iliyo wazi. Ukipuliza kuelekea ukingo wa tepu, unaisukuma rangi chini yake na kujenga ukuta wa rangi dhidi yake. Tabaka nne nyembamba ni bora kuliko moja nzito.

Mpaka laini wa kamafleji

Ocean Grey na Dark Green za Spitfire zinahitaji mpaka uliolainika kidogo, na hapa tepu huachwa. Viringisha Blu Tack, ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, iwe kama mnyoo wa unene wa milimita 3 au 4, ilaze kwenye mpaka bila kuikandamiza, jaza ndani kwa tepu. Tumbo la mnyoo huinuka kutoka kwenye uso, na kivuli chake ndicho ulaini wa mpaka. Puliza wima. Ukiinamisha brashi kuelekea chini ya mnyoo, ukungu utaingia ndani na ulaini utapanuka. Kumbuka skeli: ukungu wa milimita 1 kwenye modeli ya 1/48 ni milimita 48 kwenye ndege. Kwenye mabawa kazi ni nyepesi. Kwenye mgongo wa kiwiliwili kagua kila upande kwa zamu, kwa kuwa mnyoo huteleza mahali palipoinama.

Joto huongeza mtelezo huo. Mombasa, Dar es Salaam au Muscat mchana, Blu Tack hulegea na gundi ya tepu hulainika na kuingia kwenye rangi. Fanya kazi hii asubuhi au usiku, na usiache tepu kwenye modeli kutoka Jumamosi hadi Jumamosi. Siku moja inatosha.

Kubandua

Bandua tepu kabla rangi mpya haijawa ngumu kabisa: akriliki na laka baada ya dakika 15 hadi 30, enameli baada ya saa chache. Rangi ikishakuwa gamba moja juu ya tepu na modeli, huvunjika kwa meno badala ya kukatika. Ikunje tepu juu yake yenyewe, uivute polepole karibu sambamba na uso, kuelekea mbali na rangi mpya. Kwenye pete, anza pale vipande vinapopandana, na uanze na kipande kilichowekwa mwisho.

Rangi ikibanduka pamoja na tepu, chanzo huwa chini: plastiki haikuoshwa kwa sabuni, au akriliki ya maji ilipulizwa bila praima. Rangi ikiwa imevuja kidogo, ikwangue kwa kijiti cha meno kilichochongwa na kuloweshwa thina kidogo, kabla ya siku hiyo kuisha. Na ukingo ukiwa umeinuka kama ngazi unapoupitisha kidole, ngoja siku mbili, kisha usugue kwa msasa wa maji wa namba 3000 ukifuata urefu wa mpaka, kamwe usiukate mpaka kwa kusugua upande kwa upande, hadi kidole kisisikie kitu.